Msahafu na video vimo ndani ya simu moja, tufanyeje?

Maalim, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi ni walimu wa hifdhi, yaani kuhifadhi Qur'ani kwa moyo, katika chuo cha mtaani. Wanaotutia wasiwasi ni vijana wa miaka 14 hadi 17 waliokwishafika juzuu ya 10 hivi kati ya 30. Hapo ndipo simu inapoanza kuila Qur'ani yao.

Somo jipya ni nusu ukurasa wa msahafu wa Madina, ule wa mistari 15, siku 5 kwa wiki. Kurasa ni 604, kwa hiyo safari nzima ni zaidi ya miaka minne na nusu. Mwenye juzuu 10 anatakiwa pia arudie nusu juzuu kila siku, yaani kurasa 10, ili mzunguko umalizike kwa siku 20. Ni kazi ya dakika 20 hivi kwa msomaji wa wastani. Ila somo jipya lina ustadhi wa kulidai, marudio hayana. Yameachiwa baada ya Isha, na hiyo ndiyo saa ya video fupi, wakati Mtume (s.a.w.) alichukia hata mazungumzo baada ya Isha.

Dalili tunazijua. Zinaanza kupotea aya zinazofanana: yuko Al-A'raf aya ya 110, anachomeka "bisihrihi", neno la Ash-Shu'araa aya ya 35, na hana habari kwamba keshahamia sura nyingine. Kisha sala ya jamaa ya Alfajiri inampita. Mwisho anakwepa kusalisha tarawehe.

Tulikusanya simu Magharibi hadi Isha. Walipozipokea wakalipa kadha ya kila video iliyowapita. Tukaruhusu msahafu wa kwenye simu, intaneti ikiwa imezimwa. Wadogo walitulia, wakubwa wakaiwasha. Tena programu nyingi hukuza maandishi na kuvunja kurasa, na anayehifadhi hutegemea sana jicho: anajua aya ile iko juu, upande wa kushoto. Ukurasa ukihama, aya nayo inamhama. Kilichosaidia kidogo ni kitochi chenye memori kadi na kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, lakini hicho hucheza sura nzima bila kurudia aya moja moja, na Al-Baqara ina aya 286. (Tuseme ukweli, na simu zetu walimu hulia darasani.)

Sasa tumegawanyika. Wapo wanaotaka marufuku mpaka juzuu ya 30. Wengine, na mwandishi wa barua hii yumo, tunaona miaka yote hiyo ni mingi kwa kijana ambaye kazi zake za skuli zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Marufuku hiyo itavunjwa kwa siri, naye atazoea kutudanganya.

Tunaomba utushauri, Maalim. Je, tuyahamishie marudio baada ya Alfajiri, tukapunguza somo jipya hadi mistari 5? Je, mzazi asiyejua kusoma Kiarabu anaweza kuyasimamia nyumbani, na kwa njia gani? Na kwa kijana wa miaka 17, ni nani wa kuishika simu usiku: mzazi, au tumwachie mwenyewe?

Wabillahi tawfiq.