Usiifute kwanza ile kompyuta

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Rama,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wazima, Mama Zai anakusalimu na bado anaidai sufuria yake. Nimekaa kimya tangu Ramadhani, unisamehe. Leo nimeshika kalamu kwa haraka kwa sababu Chande kaniambia unahama, na ile kompyuta ya zamani tuliyorekodia nyimbo zetu unataka kumpa fundi aifute aiuze. Rama, subiri kwanza.

Unaikumbuka Random Access Memories, albamu ya Daft Punk, wale Wafaransa wawili wa muziki wa mashine? Ilipotoka 2013 tuliicheza chumbani kwenu mpaka mzee akagonga ukuta. Salehe hakuamini kwamba watu walioishi kwa mashine wamewaita wapiga ngoma na magitaa wa kweli, tena Nile Rodgers mwenyewe, yule bingwa wa gitaa! Basi 2023, albamu ilipotimiza miaka kumi, ikatolewa upya na diski ya pili: vipande tisa, kama dakika 35, vingi ni masalia ya studio. Mimi nimeipata mwezi huu. Baadhi ni vijipande tu. Cha "Get Lucky" kinakatika hata hujakaa vizuri. Kingine wanajaribu sauti kwenye vokoda, ile mashine ya kuifanya sauti ya mtu iwe kama ya roboti, basi. Mtu wa kucheza harusini hatakuwa na kazi navyo.

Lakini kipo kimoja, kinapita dakika nane, "The Writing of Fragments of Time". Humo unawasikia Todd Edwards, mwimbaji waliyemwalika, na Thomas Bangalter, mmoja wa wale wawili, wakiutunga wimbo "Fragments of Time": wanaongea, wanajaribu mstari, wanaurudia. Na wimbo wenyewe ni wa mtu anayetaka siku zake nzuri zisimponyoke. Nimesikiliza mara tatu. Ya nne nikazima, maana nilikuwa namsikia Salehe. Ile "moja, mbili, haya twende" yake, halafu anakohoa, halafu wewe unamfokea kwamba ameharibu. Kwenye nyimbo zetu tulizomaliza haimo, Rama. Tulisafisha kila kitu, tukajiona mafundi. Imebaki kwenye kompyuta hiyo tu.

Diski inamalizika na "Touch", walioimbiwa na Paul Williams, kwa namna Daft Punk walivyoutumia kwenye video yao ya kuagana 2021. Hao wameachana lakini wako hai, wakitaka kesho wataingia studio. Sisi je? Juzi nilikutana na mama yake Salehe sokoni, akanishika mkono, hakusema kitu, nami nika... basi, tutaongea ukija.

Ninachoomba ni hiki: nakili faili zote, hata zile tulizoandika "mbovu". Hasa hizo mbovu. Flashi nitanunua mimi, nitampa dereva wa basi aniletee.

(Gitaa la Chande limepona, ila sasa analipiga saa kumi na moja alfajiri, majirani wanalia.)

Kompyuta bado inawaka? Fundi hajaichukua? Yale mazoezi ya siku ya mvua, umeme ulipokatika tukaendelea na ngoma peke yake, yalinaswa au tulikuwa tumeshazima? Unahamia wapi hasa? Na ukizipata, tumpelekee mama yake asikie, au unaona ni mapema mno?

Nijibu upesi, tafadhali. Hata kwa neno moja.

Wako,
Idi