Mdogo wangu, mlenda si kamasi

Mdogo wangu,

Watoto wako wamefika salama, na adabu zao zimenifurahisha. Ila nilipowatengea mlenda, ile mboga yetu ya majani yenye ute, wakasogeza bakuli kando, wakasema baba amewaambia hizo ni kamasi. Kutokula si neno, mtoto huzoea. Kauli hiyo ndiyo iliyoniuma, na nimekuandikia hadharani kwa sababu hauko peke yako katika kuisema.

Wewe umekulia Dodoma. Unajua mvua ya kwetu huanza Desemba, na Mei imeshakatika. Toka hapo mchicha unataka maji ya kisima, na kisimani kuna foleni. Mama zetu walichuma mlenda ungali mbichi, wakauanika, wakautwanga, wakauhifadhi, na kiangazi chote nyumba haikukosa mboga. Hiyo ni akili kubwa, mdogo wangu. Tena majani hayo yana madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A, yale yale ambayo wajawazito huhimizwa kliniki wayatafute.

Najua kinachowakera ni ute. Wengi wameonjeshwa mlenda uliopikwa ovyo: maji tele, magadi tele, basi. Maji yawe kidogo, magadi chembe tu. Tia nyanya na ngogwe, yaani nyanya chungu, zikiiva ziponde humo humo, ndipo unyunyize mlenda huku unakoroga. Karanga zilizosagwa zifuate, moto uwe mdogo, usiondoke jikoni. Ngogwe chagua changa. Zikishaanza wekundu uchungu unazidi, na hapo ndipo watu wanapoapa hawazirudii tena. Ugali uwe mgumu, wa uwele ukiupata.

Wenzetu Kenya wameamka. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametafiti mboga za asili kwa miaka mingi, na leo mnavu na mgagani, wao wakiziita managu na saga, zinauzwa mpaka kwenye supamaketi za Nairobi. Wajaluo huupika mgagani kwa maziwa na kuulaza, uchungu ukapungua. Sisi tunaung'oa kama gugu!

Watoto wakirudi watakuja na mfuko wa mlenda mkavu. Mpe wifi, yeye anaujua. Wewe nakuomba jambo moja: siku mlenda ukipikwa, kaa na watoto mkekani, umege tonge la kwanza wakikuona, na lile neno usilitamke tena.

Dada yako