Mjomba, shuka tena ufukweni

Shikamoo mjomba,

Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe. Nakuandikia hadharani kwa sababu yaliyokupata wewe yanaweza kumpata mzee wa mtu mwingine kesho.

Unaikumbuka jioni ile Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika? Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, maji yamekuwa rangi ya shaba. Ulikuwa unanionyesha mitumbwi inavyotoka na taa zake, ukanieleza kwamba mbalamwezi ikishika wavuvi hupumzika, maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Katikati ya maneno kikombe kikakuponyoka. Kahawa ikamwagika mchangani. Ukawa unavitazama vidole vyako kama vya mtu mwingine, na neno dogo tu, "migebuka", jina la samaki, likakataa kutoka. Robo saa baadaye yote yakaisha. Ukasema ni ganzi, nami nikakubali, nikakumiminia kahawa nyingine.

Nisamehe kwa kahawa ile, mjomba. Kilikuwa kiharusi kinabisha hodi: damu ilikwama kwenye mshipa wa ubongo kwa muda, kisha ikapita. Hata dalili zikiisha zenyewe, mtu anatakiwa apelekwe hospitali papo hapo, kwa sababu siku mbili zinazofuata ndizo za hatari zaidi.

Kilirudi siku ya pili, alfajiri saa kumi na moja. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, maneno yanakwama. Jirani mmoja akaja na mafuta ya nyonyo, mwingine akasema ni upepo mbaya, mwingine akataka unywe uji upate nguvu. Uji! Kiharusi huweza kulegeza hata koo, chakula kikaingia mapafuni.

Tulifika hospitali saa sita mchana. Swali la kwanza la daktari: yalianza saa ngapi? Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alisema, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa umeziba na haukupasuka. Ndiyo maana hata aspirini si ya kumpa mtu nyumbani kwa kukisia. Hukadiriwa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika hufa seli za ubongo milioni 1.9. Nilianza kupiga hesabu ya saa zetu 7, nikaiacha njiani.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili la sasa. Umejifungia ndani, hutaki watu wauone mkono wako. Dirisha lako linatazama ukuta, wewe uliyenifundisha kulitazama ziwa! Jana nilishuka peke yangu. Furukombe alikuwa juu ya jabali, akalia mara mbili, akajirusha majini akatoka na samaki. Niligeuka nikuonyeshe.

Vidonge vya presha usiviache hata siku unayojisikia mzima. Na kutembea umeagizwa. Kwa nini usitembelee mchangani?

Jumamosi saa kumi jioni nakuja na bajaji. Kiti chako nilikipeleka kwa seremala, amekiongezea mahali pa kuegemeza mkono wa kulia. Giza la mwezi limeshaingia, mitumbwi itatoka yote.

Mpwa wako