Mkeka wa dakika 44

Hull, Uingereza
2 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mpe mama shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua utamsomea kwa sauti hapo barazani Mikindani, Mtwara, na sitaki anune kwamba nimewatanguliza bendi ya Coldplay mbele yake. Mimi huku mzima, baridi tu ndiyo inayonitesa. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, mtu unatoka kazini gizani kama mwizi. Fedha ya mabati nimeituma Ijumaa. Habari ya korosho kupita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani Oktoba ilinifurahisha kuliko mshahara wangu mwenyewe. Mengine ya nyumbani tutayasema kwa simu.

Nimeamua kuandika barua, si kukutumia sauti ya WhatsApp, kwa sababu sauti zangu hujawahi kuzimaliza. Jambo lenyewe ni hili: Coldplay wametoa filamu ya albamu nzima. Ni Moon Music, ileile niliyokulalamikia ilipotoka Oktoba, nikakwambia wale vijana wanne waliokutana chuoni London wamezeeka, sasa wanagonga hodi kwa kila mtu waje kuimba nao. Unakumbuka nilivyosema kuhusu wimbo wa tatu, ule wa maombi? Yumo Burna Boy wa Nigeria, yumo Little Simz wa hapahapa Uingereza, yumo Elyanna, na yumo Tini wa Argentina. Nikasema hii si bendi tena, hii ni daladala ya Jumatatu asubuhi. Wewe ukanicheka, ukasema nimekuwa mzee kabla yao.

Balaa hili uliniletea wewe mwenyewe. Mzungu aliyekuja kupiga mbizi alikuachia CD yao ya kwanza, ile ya mwaka 2000, nawe ukaileta nyumbani umeifunga kwenye leso kama dawa. Siku hizo gesi ya Mnazi Bay haijaanza kutuwashia taa, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na redio ya mjomba ilikuwa inakula betri kama mbuzi anavyokula khanga. Tukawa tunasikiliza nyimbo mbili kwa siku ili betri zifike Ijumaa. Wimbo wa tano, ule wa rangi ya njano, ulikuwa na mkwaruzo: ukifika katikati unaruka. Mama akipita na ndoo anauliza, "Bado analia huyo?" Kumbe alidhani ni kijana aliyefiwa.

Turudi kwenye filamu. Ina dakika 44, albamu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na hakuna hadithi. Usikae ukingoje nani atamwoa nani. Waliwapa kazi wasanii wa picha zaidi ya 150 kutoka nchi 45, kisha mwongozaji mmoja, Ben Mor, akaviunga vipande vyote. Niliposoma hivyo nikajua nitachukia. Watu 150! Kama wimbo mmoja wenye wageni wanne ulinikera, hii je?

Sasa nisikilize. Unakumbuka mama na wenzake wanavyosuka miyaa ya mkeka? Kila mmoja anakaa na ukili wake. Huyu ametia zambarau, yule kijani, wa tatu rangi yake haikukolea na mkono wake mlegevu, na wala hakuna anayemuuliza mwenzake unasuka nini. Siku ya kushona, mama anazikusanya kili zote na kuziunga ubavu kwa ubavu, na ule ukili mlegevu anauweka palepale kati ya mbili zilizokaza. Anatafutwa kwa ajili ya mshono, si kwa ajili ya kusuka. Filamu hii ni hivyohivyo. Unaona mchoro wa mkono, mara unageuka katuni, mara picha ya kompyuta inayong'aa, na muziki unapita chini yake kama uzi. Nilipofika wimbo wa tatu, na ile daladala yangu, sikukereka. Wageni wote wale walikuwa ni kili tu. Mwezi Oktoba mimi nilikuwa nazitazama mojamoja, tena zikiwa bado hazijashonwa, nikawa naulizia mkeka.

Lakini sikuitazama kwa raha kama ninavyoandika. Nilikuwa zamu ya usiku. Kuna babu mmoja ninayemhudumia, zamani alikuwa mvuvi wa meli kubwa zilizokuwa zikitoka hapa kwenda bahari za kaskazini, na usiku halali kabisa. Anaweza kukusimulia upepo wa mwaka fulani hadi alfajiri. Saa tisa usiku akaniita, anataka mtu wa kuongea naye. Nikamwambia njoo tutazame kitu kwenye tableti. Dakika ya tano akauliza, "Hadithi inaanza lini?" Nikamjibu haina hadithi. Akanitazama kama nimemuuzia samaki aliyeoza. Dakika ya kumi akauliza nani kalipia haya. Baadaye akanyamaza, mimi nikadhani amekasirika, kugeuka namkuta amelala, mdomo wazi, mkono wake uko juu ya tableti. Babu huyu vidonge havimlazi! Nikashindwa kuuondoa mkono, nikawa natazama nusu ya kioo tu, nusu nyingine imefunikwa na vidole. Kwa hiyo kusema kweli sehemu ya katikati niliirudia nyumbani kesho yake.

Hiyo sehemu ya katikati ndipo penye wimbo usio na jina la maneno, wameuandika kwa alama ya upinde wa mvua. Inasikika sauti ya Maya Angelou, yule mama mshairi wa Marekani aliyefariki 2014. Haimbi, anaongea. Anaongea taratibu kama kungwi anayejua kwamba mwali hana pa kwenda. Kwenye albamu nilikuwa nauruka. Safari hii niliurudisha nyuma mara tatu, na macho yangu wala sikuyafuta.

Usidhani nimerogwa lakini. Kuna sehemu picha zinakimbizana mpaka unahisi umekaa mbele ya taa za ukumbi wa harusi, na zile za kompyuta zinang'aa mno, zote zimepakwa mafuta. Nilikuwa natamani mkono wa mtu. Nikawa namuwaza mchoraji George Lilanga, wa kusini kwetu, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo mbele, wamejazana rangi hadi kwenye kona na bado unamjua kila mmoja kwa tabia yake. Alifariki 2005, hawakumwahi. Dakika moja tu ya wale mashetani wakicheza ingewafundisha adabu wengi waliomo humo.

Na jingine la kuchekesha. Santuri ya albamu hii imetengenezwa kwa chupa za plastiki zilizotumika, chupa tisa kwa santuri moja. Niliposoma nikaiwaza ghuba yetu asubuhi maji yakikupwa, na zile chupa zilizonasa kwenye mikoko. Mikindani peke yake tungewatolea albamu za mpaka wajukuu wao.

Sasa maagizo, na haya msomee mama polepole kwa sababu na yeye yanamhusu. Filamu iko YouTube, bure. Usiitazame kwa simu yako yenye kioo kilichopasuka. Ipakue usiku bando likiwa rahisi, weka kwenye flashi, mpelekee mwenye kibanda umiza pale karibu na soko. Mwombe siku isiyo na mechi, ukiomba siku ya Simba na Yanga mtapigwa. Mchukue mama, mtafutie kiti chenye mgongo. Na yule DJ anayetafsiri sinema, tafadhali sana, mlipe soda anyamaze. Namjua, atawapa watu majina, ataanza "hapa sasa adui anapanga njama," na mama atatoka pale anamtafuta adui hadi nyumbani. Mama ukimaliza kutazama niambie kitu kimoja tu: mshono wake umeuonaje. Wewe ukiuona umelegea mahali, nitakubali, mimi sina jicho hilo.

Habari ya mwisho nimeificha makusudi. Agosti wanakuja hapahapa Hull, siku mbili, tarehe 18 na 19, kwenye uwanja wa raga wa Craven Park. Tiketi ya tarehe 18 ninayo, nimeificha ndani ya Yasini aliyonipa mama siku naondoka. Bosi wangu hajui bado kwamba siku hiyo nitaumwa. Wanasema huwa wanaweka baiskeli, mashabiki wanapiga pedeli na sakafu wanairukia ili kuzalisha umeme wa onyesho. Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Sisi tuliosikiliza nyimbo mbili kwa siku kuokoa betri, leo ndio tutawapa umeme wao!

Ile CD bado ipo? Ifute vumbi, lakini usimpelekee fundi yeyote aisafishe. Wimbo ule wa njano huwa wanaupiga madukani huku, na kila ukifika pale pa mkwaruzo mimi naruka maneno mawili, wimbo wao unaendelea, nabaki nyuma natafuta pa kuingilia. Agosti watu wote uwanjani watakuwa wanaimba, na mimi nitaruka palepale.

Ni mimi mdogo wako.

Nimesahau: ming'oko, ile mizizi ya kwetu ya kula, ukimpata mtu anayekuja mpe aniletee, hata kama itafika imekauka.