Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mafundi, Mwanza

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vilifanyika, pampu za sola za Ukerewe zilitengenezwa, tulizikana na kuozeshana. Hayo mnayajua.

Nizungumzie semina ya Machi, iliyohusu barafu kwenye mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Maneno yamezunguka Kirumba hadi Nyakato kwamba mwenyekiti ametumia shilingi 1,800,000 za chama kufundisha habari za barafu, wakati barafu ya Mwanza ni ya kuhifadhia samaki. Wazo lilikuwa langu, kamati ikapitisha, na hadi leo nalisimamia.

Mwenzetu aliyefanya kazi Uswidi alitufungua macho. Barafu ikiganda kwenye mapanga ya mtambo wa upepo, umbo lake linaharibika na umeme unashuka. Panga moja likizidi uzito, mtambo wote unatikisika, beringi na gia zinaumia. Vipande vikibanduka vinarushwa mbali. Kukadiria eneo la hatari, wenzetu hujumlisha urefu wa mnara na kipenyo cha duara la mapanga, wakazidisha kwa moja na nusu: mnara wa mita 100 na kipenyo cha mita 100, watu wakae nje ya mita 300. Tuliupima umbali huo kwa kamba, ukavuka uwanja mzima na barabara, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Kuna mapanga yenye vipasha joto ndani, lakini ni gharama. Texas, Marekani, Februari 2021, mitambo mingi ya upepo iliganda kwa kukosa vifaa hivyo, ingawa upungufu mkubwa zaidi wa umeme ulitoka kwenye mitambo ya gesi.

Yanatuhusu nini? Wadudu wakigandamana kwenye ukingo wa panga nao hupunguza umeme, na wadudu wa ziwa hili mnawajua, wanapaa kama moshi. Radi, ambayo nayo huharibu mapanga, tunayo tele. Fundi anayetambua mtikisiko usio wa kawaida akazima mtambo mapema, ujuzi huo ni wa popote. Mufindi, mkoani Iringa, mitambo ya upepo tayari inazunguka. Kazi zikija huku, nani ataitwa?

Kinachoniuma ni mahudhurio: 19 kati ya wanachama 64. Ada ya 60,000 wamelipa 27 tu, malimbikizo 2,220,000. Wengi wa wanaolalamikia fedha za semina hawakuzichangia.

Mwakani tunakusudia kununua mikanda ya usalama ya kupandia minara na, Mungu akijalia, kupata ofisi yetu. Wenye malimbikizo wamwone mweka hazina kabla ya chai.

Mwenyekiti