Ardhi ya ukoo wa FitzGerald haikuondoka kwa moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya makala mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu majumba ya zamani ya makabaila wa Ireland. Mwandishi wake ana kalamu nzuri, na maelezo yake ya dari, vioo na bustani yalinirudisha katika njia nilizozizoea nilipokuwa mwanafunzi Maynooth, mji mdogo wa jimbo la Kildare ulio magharibi mwa Dublin. Lakini alipofika kwenye anguko la ukoo wa FitzGerald, ambao wakuu wake walikuwa na cheo cha Earl wa Kildare na baadaye cha Duke wa Leinster, alieleza kwamba mapinduzi ya miaka ya 1920 yaliwanyang'anya ardhi na kuwachomea majumba. Hilo halikutokea. Majumba matatu makubwa ya ukoo huo, yaani Leinster House, Carton na Kilkea, yote yamesimama hadi leo, na sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa hiari, kwa mujibu wa sheria na kwa malipo mazuri, kabla ya risasi ya kwanza ya mapinduzi hayo kulia.

Sikatai kwamba majumba yalichomwa. Kati ya mwaka 1919 na 1923, katika vita vya uhuru na vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, zaidi ya majumba 200 ya namna hiyo yaliteketezwa, na hapo hapo Kildare jumba la Palmerstown, makao ya Earl wa Mayo, lilichomwa mwezi Januari 1923. Carton lilinusurika. Wenyeji husimulia kwamba wapiganaji walifika usiku mlangoni, wakaonyeshwa picha ya Lord Edward FitzGerald, mwana wa ukoo huo aliyekuwa kiongozi wa uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza na kufia gerezani kwa majeraha aliyopata alipokamatwa, nao wakageuza wakaenda zao. Iwe kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, jumba lenyewe halikuguswa.

Ili msomaji aone ardhi hiyo ilivyopatikana na ilivyotoka, ni bora aanzie Maynooth kwenyewe. Ukisimama kwenye mabaki ya ngome, kando ya lango la chuo, kisha ukaipa ngome mgongo, unaiona barabara kuu imenyooka kama uzi kupita katikati ya mji, na inapoishia ndipo inapoanza njia yenye safu mbili za miti mirefu kuelekea lango la Carton. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Katikati ya karne ya 18 mji ulipangwa upya na mwenye ardhi ili ngome ya mababu zake iwe upande mmoja na jumba lake jipya liwe upande wa pili, na wapangaji wake waishi katikati. Nilikuwa nikiipita barabara hiyo kila asubuhi kwenda kununua mkate, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa nikitembea ndani ya mchoro wa bwana mmoja aliyetaka kuiona historia yake kutoka dirishani.

Ngome ilijengwa karibu na mwaka 1200, baada ya mababu wa ukoo kuingia Ireland pamoja na Wanormani mwaka 1169. Cheo cha Earl wa Kildare walikipata mwaka 1316, na katika nembo yao wameweka tumbili, kwa sababu hadithi ya ukoo inasema kwamba Earl wa kwanza, alipokuwa mtoto mchanga, alisahaulika ndani ya ngome iliyoshika moto na akaokolewa na tumbili wa kufugwa. (Huenda huo ndio moto pekee ambao mwandishi wenu angeweza kuwasingizia FitzGerald bila kupingwa.) Kufikia mwisho wa karne ya 15, Earl wa nane alikuwa akiitawala Ireland kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, na kwa kweli alikuwa na nguvu kuliko mfalme huyo katika kisiwa hicho.

Ardhi hiyo waliwahi kuipoteza mara moja, na ilikuwa kwa mabavu hasa. Mwaka 1534 kijana Thomas, aliyepewa jina la Thomas wa Hariri, alimwasi Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza. Mwezi Machi 1535 ngome ya Maynooth ikapigwa mizinga, ikaanguka, na askari waliojisalimisha wakauawa. Thomas mwenyewe alinyongwa London mwezi Februari 1537 pamoja na baba zake watano, wakubwa kwa wadogo. Ukoo ulibaki juu ya mtoto mmoja, ndugu yake kwa baba, aliyetoroshwa akafichwa ng'ambo hadi akarudishiwa ardhi na cheo wakati wa Malkia Mary. Ninayataja haya kwa haraka kwa sababu moja tu: ukoo uliowahi kufutwa karibu wote kwa amri ya mfalme uliweza kurudi, ilhali ulipokuja kupoteza mali yake katika karne ya 20 bila kunyongwa mtu, haukurudi tena.

Wakati wa fahari kubwa ulianza mwaka 1739, Earl wa kumi na tisa alipoichukua tena Carton na kumpa kazi Richard Castle, mbunifu mwenye asili ya Ujerumani, alikuze jumba lililokuwepo. Mafundi wa kupaka na kuchonga chokaa kutoka Uswisi, ndugu wawili waitwao Lafranchini, walitengeneza dari ya sebule kuu ambayo mwandishi wenu ameisifia, na anastahili kuisifia. Mwana wa Earl huyo, James, alimtumia Castle huyo huyo kujenga Leinster House mjini Dublin kuanzia mwaka 1745, na mwaka 1766 akapandishwa cheo kuwa Duke wa Leinster. Jumba hilo la mjini halikukaa na ukoo sana. Bunge la Ireland lilipovunjwa na kuunganishwa na la London kuanzia mwaka 1801, wakubwa hawakuwa tena na sababu ya kuwa na makao ya kifahari Dublin, na mwaka 1815 Duke wa tatu akaliuzia jumuiya ya wasomi ya Dublin. Serikali ya Ireland huru ilihamishia bunge lake humo mwaka 1922, na limo humo hadi sasa.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, nami ndilo nililokusudia hasa, ni fedha. Dari ya Carton haikulipwa na jina la ukoo. Ililipwa na kodi ya mashamba. Katika miaka ya 1880, Duke wa Leinster alikuwa na ekari zipatazo 73,000, karibu zote Kildare, zikikadiriwa kuingiza zaidi ya pauni 55,000 kwa mwaka. Fedha hizo zilitoka kwa wapangaji, na wapangaji hawakuwa watu wa kukaa kimya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1870 iliwapa wakulima wa Ireland haki ya kufidiwa walipoondoka shambani, kwa mitaro waliyoichimba, mazizi waliyoyajenga na udongo walioutengeneza. Mawakili wa Duke wakatunga mkataba mpya wa upangaji, uliokuja kujulikana nchi nzima kama Mkataba wa Leinster, ambao ulimtaka mpangaji mkubwa asaini kwamba ameiacha haki hiyo kwa ridhaa yake. Sheria iliruhusu ujanja huo kwa wapangaji wa mashamba makubwa, na mkulima ambaye baba yake na babu yake walilima hapo hapo hakuwa na pa kwenda kama angekataa. Mwaka 1880, vuguvugu la wapangaji lilipopamba moto, mkataba huo ulichomwa hadharani katika Kildare. Ikiwa mwandishi wenu anatafuta moto katika historia hii, basi ni huo wa karatasi.

Mwisho wa umiliki wenyewe ulikuja kwa utulivu wa ofisini. Mwaka 1903 bunge la London lilipitisha sheria iliyosimamiwa na George Wyndham, waziri wa mambo ya Ireland, ambayo chini yake hazina ya serikali ilimlipa kabaila bei yote kwa mkupuo na kumwongezea asilimia 12 ya bei hiyo kama kishawishi cha kuuza, huku mpangaji akigeuka mmiliki na kuirudishia hazina mkopo kwa muda wa miaka 68 na nusu. Duke wa sita alikuwa mvulana wa miaka 16, yatima wa baba na mama, na mali yake ilikuwa mikononi mwa wadhamini. Wadhamini hao hawakungoja. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia sheria hiyo, wakauza sehemu kubwa ya mashamba na fedha wakaziwekeza. Mpangaji wa Kildare alilala mpangaji akaamka mwenye shamba, na Duke akabaki na jumba, mbuga yake na fedha zilizowekezwa. Huko si kunyang'anywa. Nathubutu kusema kwamba kama ningekuwa mdhamini wa kijana yule ningeuza pia.

Kilichofuata ni habari ya ndugu watatu. Mkubwa, Duke mwenyewe, alikuwa mgonjwa wa akili na aliishi katika hospitali ya Edinburgh hadi alipofariki mwaka 1922. Wa pili, Desmond, ambaye kila mtu alitarajia angerithi na kuiendesha mali vizuri, alifia Ufaransa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Akabaki Edward, kitinda mimba, mcheza kamari na mpenda magari ya mbio, aliyekuwa na madeni hadi shingoni. Mali ya ukoo ilikuwa imefungwa kisheria kwa vizazi, kwa hiyo mrithi hakuweza kuiuza. Alichokuwa nacho ni haki ya kula mapato yake maishani mwake tu. Edward akaiuza haki hiyo kabla hajaipata. Mnunuzi alikuwa Sir Harry Mallaby-Deeley, mbunge na mfanyabiashara wa Uingereza aliyejulikana kwa kuuza suti za bei nafuu, ambaye alilipa madeni ya kijana huyo, kiasi cha pauni 67,500, na kuahidi kumpa pauni 1,000 kila mwaka. Badala yake, iwapo Edward angekuwa Duke, mapato yote yangekwenda kwa mnunuzi hadi siku Edward atakapokufa.

Tafakari, Mhariri, jinsi dau hilo lilivyokuwa. Wakati wa kuweka saini kaka mkubwa alikuwa bado hai na umri wake haukuwa mkubwa. Kama angeishi miaka arobaini zaidi, Mallaby-Deeley angekuwa ametupa fedha zake baharini. Kaka huyo alifariki akiwa na miaka 34. Edward akawa Duke wa saba, Duke asiye na chochote, na kwa bahati mbaya ya ukoo wake akajaliwa maisha marefu: aliishi hadi mwaka 1976, akipitia ndoa nne na mahakama za waliofilisika, na kufia katika chumba kidogo cha kupanga London. Miaka yote hiyo 54 mapato yalikwenda kwa mnunuzi na warithi wake. Mtu ambaye mababu zake walipanga mji mzima kwa ajili ya mandhari ya dirishani alimaliza maisha akiwa mpangaji.

Carton iliuzwa mwaka 1949 kwa Mwingereza mwenye cheo cha Lord Brocket, na leo ni hoteli yenye viwanja vya gofu, sawa na Kilkea. Vyombo na picha vilikuwa vimetawanyika kwa minada. Kijumba kidogo kilichopambwa ndani kwa makombe ya baharini, ambacho Emily, mke wa Duke wa kwanza, alikishughulikia, bado kipo mbugani.

Mwisho, naomba mrekebishe maelezo ya picha. Jumba mlilolichapisha juu ya jina la Carton ni Castletown, la jirani, lililoanza kujengwa mwaka 1722 na William Conolly, spika wa bunge la Ireland, ambaye hakuzaliwa katika ukabaila. Kosa hilo linaeleweka, maana majumba yote mawili yako Kildare, si mbali moja na jingine, na Louisa, dada yake Emily, aliolewa Castletown. Lakini uso wa Castletown ni bapa juu, na una safu 13 za madirisha. Uso wa kale wa Carton una pembetatu ya mawe juu yake, na ndani ya pembetatu hiyo imechongwa nembo ya ukoo wa FitzGerald.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi