Barabara ya Mombo–Lushoto iwafae pia waendao kwa baiskeli na kwa miguu

Mhariri,

Naomba nafasi niizungumzie barabara inayopanda Milima ya Usambara kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ambayo kwa umbali wa kilomita zipatazo 33 humtoa msafiri kwenye joto la tambarare na kumfikisha katika mji wenye baridi, ulio juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Abiria wa basi huuona uzuri huo kwa kuchungulia tu. Anayepanda kwa baiskeli au kwa miguu ndiye hulitazama korongo likizidi kuzama chini yake, akapumzika Soni penye maporomoko ya maji, kisha akaendelea na safari bila haraka.

Hata hivyo, barabara ni nyembamba na kona zake ni kali, hivyo basi na lori vinapopishana, mwenye baiskeli hana pa kujibanza. Sipendekezi mlima uchimbwe ili barabara ipanuliwe, maana miteremko ya huko huporomoka mvua zinapozidi. Yatosha kutenga vituo vidogo vya kupisha magari, kuweka alama za kuwatahadharisha madereva kabla ya kila kona, na kuwaelekeza watembeao kwenye njia za vijijini ambazo wakulima huzitumia kwendea sokoni.

Wageni kutoka Ulaya huja kutembea Irente na katika msitu wa Magamba, karibu na Lushoto. Sisi wenyeji wa Tanga, ajabu ni kwamba wengi wetu huenda huko kwa harusi na misiba tu.

Msomaji wako,
Korogwe